Kunadharisha Si Kubahatisha

Kila kikao cha serikali hakikosi mtu wa kusema: "Tuache kunadharisha, twende kwenye utekelezaji." Wajumbe hupiga makofi. Utekelezaji wa nini? Anayegawa mbolea ya ruzuku akitarajia mavuno yaongezeke tayari amekwisha kunadharisha. Tatizo ni kwamba hajui, na kwa kuwa hajui, hajihoji.

Neno hili tumelionea. Nadharia imetujia kutoka Kiarabu, katika mzizi wa kutazama, ule ule uliotupa nadhari. Wagiriki nao walilichota neno lao katika kitenzi cha kutazama. Kunadharisha, basi, ni kuyatazama mambo yaliyotawanyika hadi uone kinachoyaunganisha, kisha ukiseme kwa namna ambayo mwingine anaweza kukipima na kukikanusha. Anayebahatisha halibebi sharti hilo la pili.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ungali moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Alichokiona Mpemba hakikuwa nadharia bado. Kunadharisha kulikuja pale zilipotajwa sababu: uvukizi, mzunguko wa maji ndani ya chombo, gesi zilizoyeyuka. Kila sababu hujiweka hatarini: kama ni uvukizi, funika chombo, tofauti ipungue. Wapo hata waliorudia majaribio wakakana kwamba tukio lenyewe lipo. Sisi tunajivunia jina la Mpemba; mabishano tumewaachia wengine.

Lakini maofisa nawalaumu kidogo. Lawama kubwa ni yetu wa vyuoni. Katika tasnifu zetu za fasihi kuna sehemu iitwayo "Kiunzi cha Nadharia". Hapo mwanafunzi huchagua nadharia iliyozaliwa Ulaya kutokana na riwaya za Ulaya, "huitumia" kwenye riwaya ya Kezilahabi, na riwaya huikubali kila mara. Sikumbuki tasnifu ambayo riwaya iliiambia nadharia: hapa umekosea. Huko ni kuvaa miwani ya mtu mwingine na kusifia macho yako.

Kisha huja siku ya utetezi, na swali la kwanza huwa: nadharia yako ni ya nani? Mwanafunzi akijibu kwamba ni yake, hurudishwa akatafute ya mtu.