Mvua Inafundisha Watoto Kutumika Pamoja

Mwezi huu tutembee mpaka Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, tuzungumze juu ya watoto wa shule ya msingi na kazi ya pamoja.

Huko Kanada na Ulaya ya kaskazini, wakati wa baridi kali, watoto hutoka inje wakajenga kijumba cha theluji: mmoja anakata, mwingine anabeba, mwingine anaziba matundu. Sisi theluji hatuna, lakini masika tuko nayo. Kuanzia mwezi wa 9 ao wa 10 mpaka mwezi wa 5, mvua inateremka toka milima ya Mitumba na kujaza mito inayopita katikati ya mji. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4, mwaka 2020, mto Mulongwe ulifurika. Watu kwa makumi walikufa, na nyumba kwa maelfu zikabomoka. Saa kama ile, mwenye kukushika mkono kwanza ni jirani. Basi, mtoto atajifunza wapi kuwa jirani, kama si shuleni na nyumbani, mbele maji hayajafika?

Tuseme ukweli. Mara nyingi tunamwambia mtoto, “Uwe wa kwanza!” Ni vizuri asome kwa bidii, lakini akisikia neno hilo moja tu kila siku, ataona mwenzake kuwa adui. Tena kuna vikundi vya jina tu: mwenye akili anafanya yote, wengine wanaangalia. Hiyo si kazi ya pamoja. Kanuni ni hii: kila mtoto apewe sehemu yake, na sehemu hiyo ikikosekana, kazi ya wote iharibike. Mtazame wavuvi wa ndagala usiku, na taa zao. Wavu unainuliwa na wote kwa mara moja. Mmoja akilegea upande wake, samaki wanatoroka, hata kama wengine wana nguvu.

Hapa kuna kazi tatu za masika zisizoomba feza.

1. Kupima mvua. Tafuteni kopo lililonyooka, upana wake uwe sawa chini na juu. Mliweke inje, mbali na miti na mabati, mlikaze kwa mawe. Kila asubuhi kikundi chenye zamu kinapima maji kwa rula, kinaandika milimita kwenye karatasi ya ukutani, kisha kinamwaga. Kikundi kimoja kikisahau siku yake, karatasi ya darasa zima inabaki na tundu. Mwalimu, wape na hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya meta mraba 1 ni litre 1. Nyumba yenye mabati ya meta 5 kwa 8, ikipata milimita 20, inapokea litre 800, ndiyo bidoni 40 za litre 20! Hapo watoto wataelewa wenyewe sababu gani mtaro uliojaa takataka unaleta hatari kwa kartie nzima.

2. Mto wa migomba. Kila mtoto ashike kipande cha ganda la mgomba. Wapange mstari, mwalimu amwage maji polepole kwa wa kwanza, yapite toka ganda mpaka ganda, yafike katika ndoo. Musihesabu nani alimaliza mbele. Muhesabu maji yaliyofika. Kumbe wataanza wenyewe kuambiana, “Inua kidogo! Ngojea mwenzako!”

3. Kurudi nyumbani. Wanaokaa njia moja watembee pamoja, mkubwa akimshika mdogo, na wahesabiane mlangoni pa shule. Mto ukijaa, hata mmoja asijaribu kuvuka. Wote warudi kwa mtu mzima.

Mwalimu, changanya vikundi. Usiweke kabila moja peke yake, wala watoto wa kartie upande huu na wakimbizi upande ule. Kiongozi wa kikundi abadilishwe kila juma, na zamu ifike hata kwa yule mwenye haya na yule mwenye kilema. Wakigombana, usikimbilie fimbo. Uliza, “Nani hakupata sehemu yake?” Mara nyingi ugomvi unatoka hapo.

Lakini tuangalie: salongo ya kuingia mitaro ao maji ya mafuriko si ya watoto. Kolera inajulikana sana Uvira. Baada ya kazi yoyote, wanawe mikono kwa sabuni. Na ninyi wa machimbo, udongo uliolowa unabomoka. Kazi ya pamoja isiwe sababu ya kumpeleka mtoto shimoni.

Someni Nehemia sura ya 3. Ukuta wa Yerusalemu haukujengwa na fundi mmoja. Makuhani walijenga, wafua zahabu walijenga, Shalumu alijenga pamoja na binti zake, na wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na siku 52 zikatosha. Kipande kimoja kingeachwa wazi, adui angepita papo hapo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
– Katika nyumba yetu, kila mtoto ana kazi gani ambayo wengine wanaitegemea?
– Ni mtoto gani wa jirani hajawahi kuitwa kucheza na wetu? Sababu gani?
– Vijana, mvua kubwa ikianguka usiku huu, mutaenda kubisha mlango wa nani kwanza?