Nyuma ya Sonona na Ulevi

Mkoa wa Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mkulima achelewaye kupanda alizeti au mtama huweza kupoteza mavuno ya mwaka mzima. Kwa sababu hiyo, mtu aanzaye kazi nyingi bila kuzimaliza, asahauye ahadi na asiyeweza kutulia, huitwa mvivu upesi. Madeni yakizidi na ugomvi ukiingia nyumbani, huweza kuangukia katika sonona, wasiwasi au pombe. Akifikishwa zahanati, hutibiwa yale yaonekanayo tu.

Sayansi yaonyesha kwamba pengine chanzo ni cha zamani zaidi. Upungufu wa umakini pamoja na kutotulia ni hali ya ubongo ambayo kwa kiasi kikubwa hurithiwa. Huanza utotoni, na kwa wengi huendelea ukubwani. Aghalabu haiji peke yake. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2006 ulikadiria kwamba watu wazima 4 hivi katika kila 100 walikuwa nayo. Miongoni mwao, karibu nusu walikuwa na maradhi ya wasiwasi. 38 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya hisia, kama vile sonona. Na 15 katika kila 100 walikuwa na maradhi yatokanayo na pombe au dawa za kulevya. Takwimu hizo si za Tanzania, lakini fundisho lake lafaa popote.

Ni kweli kwamba sonona yenyewe huondoa umakini. Ndiyo maana ni lazima ijulikane kipi kilitangulia. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 wataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, tena mahali zaidi ya pamoja, kama nyumbani na shuleni. Hakuna kipimo cha damu kiwezacho kuthibitisha hayo. Yahitajika maswali na mashahidi.

Mashahidi hao hawakosekani vijijini Iramba au Manyoni: mama, shangazi, kaka na mwalimu wa zamani. Basi, yafaa tabibu atibuye sonona au ulevi awaulize pia habari za utoto wa mgonjwa. Na akiwa na shaka, ampeleke kwa mtaalamu, kwa mfano katika hospitali ya Mirembe, mkoa jirani wa Dodoma. Kutibu sonona pekee ni kufyeka magugu na kuacha mizizi ardhini.