Neno la Mhariri: Mwacheni Awe wa 16

Tarehe 20 Agosti 2008, huko Shunyi, Beijing, wanawake 25 walijitosa majini kushindania kilomita 10 za kuogelea kwenye maji ya wazi. Ilikuwa mara ya kwanza mbio hizo kuingizwa katika Olimpiki. Natalie du Toit wa Afrika Kusini alimaliza wa 16 kwa saa 2 na sekunde 49.9, dakika 1 na sekunde 22 nyuma ya mshindi, Larisa Ilchenko wa Urusi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa gotini.

Dunia ilimpigia makofi kwa kuthubutu tu kushiriki. Yeye hakuridhika. Alikuwa amekuja kutafuta nafasi ya juu zaidi, na alijua alikuwa na uwezo wa kuipata, kwa kuwa Mei mwaka ule ule, kwenye mashindano ya dunia mjini Seville, alishika nafasi ya 4 na kujipatia tiketi ya Beijing kwa kushindana kama wenzake. Hakupewa nafasi ya upendeleo. Aliishindania.

Toleo hili zima linahusu wanamichezo wenye ulemavu, na ombi langu kwa msomaji ni moja: awatazame kwa jicho alilojitazama nalo du Toit siku ile. Habari za kuwahurumia tumeandika vya kutosha, na za kuwashangaa pia. Tulichowanyima ni kile tunachompa mchezaji mwingine yeyote bila kuombwa, yaani kupimwa. Mtu aliyekuwa wa 16 ana haki ya kuitwa wa 16, tukaulizana alikosea wapi na alipatia wapi.

Du Toit alizaliwa Cape Town mwaka 1984, na akiwa na miaka 14 tu aliiwakilisha nchi yake kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kuala Lumpur. Februari 2001, akitoka mazoezini kwa skuta, aligongwa na gari. Mguu haukuokoka. Baada ya miezi michache alikuwa amerudi bwawani, na mwaka 2002, kwenye michezo hiyo hiyo mjini Manchester, aliingia fainali ya mita 800 mtindo huru pamoja na wanawake wenye miguu miwili.

Wasimulizi wengi huruka kutoka kwenye ajali hadi kwenye medali, kana kwamba katikati palikuwa na ukakamavu peke yake. Ukakamavu alikuwa nao, sibishi. Lakini alikuwa pia na bwawa la kurudia, na kocha, Karoly von Toros, na miaka ya mazoezi iliyokwisha kujengeka mabegani kabla ya gari lile kumgonga. Tukimwita muujiza tunavifuta vyote hivyo, na tunampa kila mwenye mamlaka kisingizio cha kutojenga bwawa.

Tazama basi ufundi wenyewe. Katika mtindo huru miguu inasukuma, na inauweka mwili sawa mkono unapopita juu ya maji. Kwenye mita 50 au 100 mateke yana uzito mkubwa. Umbali unapoongezeka waogeleaji huyapunguza ili watunze pumzi, na kazi inahamia mikononi. Mbio za mita 800 katika bwawa la mita 50 zina mageuzo 15, na kila mara mwogeleaji hujipindua akausukuma ukuta kwa nguvu zote za miguu. Du Toit aliusukuma kwa mmoja. Wapinzani walipata faida mara 15 kabla hata hatujahesabu mateke.

Kwenye maji ya wazi hakuna ukuta. Kuna kundi la watu wanaopigana viwiko, kuna kumfuata wa mbele miguuni ili akukatie maji, kuna kunywa haraka kikombe kilichoning'inizwa kwenye fimbo ndefu bila kupoteza nafasi. Mwogeleaji wa masafa marefu mwenye mguu mmoja anapohamia huko, anafuata hesabu. Du Toit aliuacha mguu wake wa bandia nchi kavu. Mwaka ule wa 2008 watu walikuwa wakibishana iwapo miguu ya bandia ya kaboni ya mkimbiaji Oscar Pistorius inampa msaada asiostahili; kwa du Toit hapakuwa na cha kubishania. Aliingia na mwili alio nao.

Na sisi waandishi? Matokeo ya Paralimpiki yakifika chumba cha habari, tunatafuta kwanza chanzo cha ulemavu, kisha machozi ya mama. Muda wa mbio hatuuandiki. Daraja hatulielezi, ingawa bila kulijua huwezi kuelewa nani alishindana na nani: du Toit aliogelea S9, katika mfumo unaowapanga wenye ulemavu wa viungo kuanzia S1 hadi S10 kadiri ulemavu unavyopungua. Sentensi moja ingetosha kumsaidia msomaji.

Nitaambiwa kwamba habari za kutia moyo zina kazi yake. Zinayo. Mwaka 2006 papa alimng'oa mguu Achmat Hassiem, mwokozi wa pwani kule Muizenberg. Du Toit ndiye aliyemshawishi ajaribu kuogelea mashindano ya Paralimpiki, na mwaka 2012 mjini London Hassiem alichukua shaba ya mita 100 mtindo wa kipepeo. Hakupewa maneno matamu peke yake. Alionyeshwa daraja la kuingia na muda wa kuufukuza.

London ndiko du Toit alikomalizia, akiwa na dhahabu 13 za Paralimpiki tangu Athens 2004. Huko alipata pia fedha, kwenye mita 100 mtindo huru, kwa sababu Ellie Cole wa Australia, kijana kuliko yeye na mwenye mguu mmoja kama yeye, alikuwa na kasi zaidi. Ni mbio iliyoharibu hadithi ya kuaga. Sisi tungeipa ukurasa mzima. Katika makala zote za toleo hili tumewataka waandishi waweke muda, nafasi na daraja la kila mbio wanayoitaja, zikiwemo zile ambazo mchezaji wao alishindwa.