Koo ni zetu, nukuu ni zao

Wasee wa Kericho na Bomet, leo tuongee kuhusu h-indeksi. Usikimbie, ni rahisi kuliko hesabu ya Fomu Tu. Mtafiti akiwa na makala 20, na kila moja imenukuliwa na watafiti wenzake angalau mara 20, h yake ni 20. Ni kama laiki za maprofesa. Ukinukuliwa sana unapandishwa cheo, unapata pesa za utafiti mwingine, unaalikwa kwa mikutano.

Sasa, unajua ni koo za nani zimechangia nukuu hizo? Zetu.

Kuna daktari wa patholojia anaitwa Sanford Dawsey, aliyefanya kazi Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kazi yake kubwa ilikuwa saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Alianzia Linxian huko China, kisha akafanya kazi na madaktari wa Tenwek, hapa Bomet. Mwaka 2010 walichapisha makala kuhusu wagonjwa 109 wa saratani hiyo waliotibiwa Tenwek. Wote walikuwa na miaka 30 au chini. Soma tena: miaka 30 au chini. Hii si story ya gogo na guka peke yao, ni ya rika letu.

Mwaka 2016 ikaja nyingine, ikiongozwa na daktari wa upasuaji wa Tenwek, Michael Mwachiro. Waliangalia umio wa watu 305 wa hapa ambao hawakuwa na dalili yoyote. Kama asilimia 14 walikutwa na seli zilizoanza kuharibika, yaani mtu mmoja kati ya saba. Hesabu watu kwenye matatu ya Litein halafu uniambie kama hiyo ni namba ndogo.

Najua mtu atakuja kwa komenti na ile ya "wazungu wanatuibia data". Buda, tulia. Njia waliyotumia hapa ni kupaka iodini ndani ya umio: sehemu nzima inageuka kahawia, sehemu mbaya inabaki na rangi hafifu. Njia hiyo ilipimwa vizuri Linxian kabla ya kufika kwetu. Hivyo ndivyo nukuu inavyofanya kazi ikiwa na maana: mtu anasoma kazi ya mwenzake, anaileta kwa mgonjwa mwingine. Siwezi kupinga hiyo.

Ninachopinga ni kufanya nukuu kuwa mstari wa mwisho wa mbio. Ile makala ya 2010 iko wazi mtandaoni, hailipiwi. Uliza mabeste zako kumi kama wamewahi kuisikia. Imeandikwa Kiingereza cha madaktari, kwa madaktari. Chuo kikuu kinampa mhadhiri alama kwa kuchapisha. Akienda barazani kueleza matokeo, au redioni kuongea Kipsigis, alama ni ngapi? Hakuna anayehesabu, ndiyo maana wachache wanajisumbua.

Na serikali za kaunti? China hawakuishia kwa makala. Kule Cixian watu walifanyiwa endoskopi mara moja tu, waliopatikana na dalili za mapema wakatibiwa, na matokeo ya 2015 yakaonyesha vifo vimepungua. Sisi wengi bado tunafika hospitali wakati ugali haupiti tena, na kilichobaki ni kuwekewa mrija wa chuma ili angalau uji upite. Gavana anayetaka kura yangu aniambie ni endoskopi ngapi zimefanywa kwa watu wasio na dalili. Jengo jipya la kupigia picha sitaki.

Sisi wa kontenti pia tuko ndani. Video ya "majani yanayoponya saratani" inapata shea usiku kucha. Lakini nani ametengeneza moja kusema kwamba mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 pengine husababisha saratani ya umio? Na hapa ni nchi ya chai, inanywewa ikitoa moshi! Shida si chai yenyewe, ni moto wake. Iache ipoe kidogo. Pombe na sigara nazo ziko kwenye orodha ya hatari.

Mtu akisema niwaachie wasomi kwa sababu niliacha chuo, sawa, lakini kusoma namba sikuacha. Chakula kikianza kukwama kwa mzee wako, au kwako wewe, usingoje hadi maji yakatae kupita. Itisha endoskopi. Na kama wewe ni mtafiti na una matokeo kutoka kwa koo zetu, inboksi yangu iko wazi. Nitayaweka kwa Kiswahili, bure.