Mgonjwa Asiyetoa Shukrani

Jioni moja ya msimu wa mavuno, hapa Plateau karibu na Eldoret, lori lililojaa magunia ya mahindi lilimgonga paka aliyekuwa akivuka njia. Hakufa. Alijiburura kwa miguu ya mbele mpaka chini ya ngazi za duka, mguu mmoja wa nyuma ukining'inia, akamtolea meno kila aliyemkaribia. Watu walikusanyika, nami nilisikia kauli mbili. Mzee mmoja alisema, “Mwacheni afe, hana mwenyewe.” Msichana wa shule akalia, “Nipeni nimpakate! Nitamfuga nyumbani, naye atanipenda.” Msomaji, kauli hizi zinapingana kama usiku na mchana, lakini nathubutu kusema kuwa zote mbili zilikuwa na makosa.

Tuanze na mzee. Namheshimu kwa umri wake, lakini hoja yake siikubali. Ni kweli paka yule hakuwa na mwenyewe, ila alikuwa na kazi. Nchi yetu ya Uasin Gishu ni nchi ya mahindi na ngano, na penye nafaka hapakosi panya. Panya hali tu. Hutoboa magunia, na kile asichokila hukichafua. Tangu zamani ghala ndilo lililomleta paka karibu na mtu. Katika kisiwa cha Kupro wataalamu walifukua kaburi la miaka ipatayo 9,500, wakakuta mifupa ya paka imelazwa kando ya mifupa ya mtu. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Basi urafiki huu una umri mkubwa kuliko falme zote tunazozisoma vitabuni. Paka anayewinda usiku nyuma ya maduka hapokei mshahara, wala hana wa kumtetea. Na lori lililomvunja mguu lilikuwa limebeba mahindi ya aina ile ile aliyokuwa akiyalinda. Mtu akisema hatuna deni kwake, na atuambie deni ni nini.

Yuko atakayeniuliza, “Je, watu wamekwisha pata dawa hata tuwatibu paka?” Swali hili si la kudharauliwa. Sisemi mtoto akose dawa ili paka apone. Mfupa ukiwa umevunjika pasipo tumaini, au fedha zikiwa hazitoshi, daktari wa mifugo aweza kumpa mnyama kifo kisicho na maumivu, na hiyo pia ni huruma. Lakini kumwacha ateseke siku tatu chini ya ngazi hakumpi mgonjwa yeyote hata kidonge kimoja. Huko si kubana matumizi. Ni ugumu wa moyo uliovaa kanzu ya busara. Hata sheria ya Kenya, katika Sura ya 360, imekataza kuwatendea wanyama ukatili.

Sasa tumgeukie msichana. Moyo wake ulikuwa mwema, lakini wema usio na maarifa huweza kuua. Paka aliyekulia njiani si mtoto mchanga. Kwake yeye mkono wa mtu ni sawa na kinywa cha simba. Ukimkumbatia atakuuma, na kuumwa na paka usiyemjua si jambo la mchezo, kwa kuwa kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na dalili zake zikisha kutokea, ni nadra sana mtu kupona. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Tena asimpe mnyama dawa za watu: kidonge kimoja cha paracetamol chaweza kumwua paka. Hata maziwa, ambayo kila mtu hudhani ni chakula chake, huwaharisha paka wengi wakubwa.

Paka yule nilimchukua mimi. Nilivaa glavu nene, nikamfunika kwa blanketi zito, nikamtia katika sanduku lenye matundu. Daktari wa mifugo alimlaza kwa dawa, akaufunga mguu kwa mabanzi, akamhasi na kumchanja. Kisha nilimweka katika kizimba cha waya ndani ya stoo yangu, kizimba kidogo asiweze kuruka. Ndani yake mlikuwa na sanduku la kujifichia, beseni la mchanga, na maji safi. Nilifunika kizimba kwa shuka, maana giza humtuliza mwenye hofu. Na kwa kuwa usiku wa huku una baridi kali, niliweka chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa. Msichana yule alileta omena kila siku, zilizochemshwa pasipo chumvi wala vitunguu. Nilimruhusu kuziweka mlangoni tu. Mwanzoni alinuna. Baadaye akafahamu kuwa kumpenda mgonjwa huyu ni kumwacha peke yake.

Wiki 6 zilipita. Paka hakukubali kuguswa hata siku moja. Kila asubuhi alinifokea kama aliyeibiwa. Daktari alipofungua mabanzi na kusema mfupa umeunga, tulirudisha kizimba nyuma ya duka wakati wa magharibi, tukafungua mlango. Paka alikaa kitambo, akanusa upepo, kisha akatoka akichechemea kidogo, akapotea kati ya magunia.

“Mwalimu,” akasema msichana, “hakugeuka hata mara moja?”

Hakugeuka. Wahenga walisema, tenda wema nenda zako. Safari hii aliyekwenda zake ni aliyetendewa. Nanyi vijana mnaosoma haya, jihadharini na huruma inayongoja kulipwa, na jihadharini zaidi na akili inayohesabu gharama ya wema bila kuhesabu faida iliyokwisha kuipokea. Mzee wetu hajanena neno lolote tangu siku ile. Lakini ghala lake liko nyuma ya duka lile lile, na mahindi yake hayajatobolewa.