Kupunguza Vitu Si Kuvitupa

Mvua kubwa ikinyesha Kampala usiku, asubuhi yake shuka hadi ufukweni hapa Port Bell uone jiji limetuletea nini. Chupa za plastiki, mifuko tunayoiita kaveera, ndara moja moja zilizopoteza wenzake, matambara ambayo zamani yalikuwa mashati. Wavuvi hawakuvitupa vitu hivyo. Vimeletwa na mfereji wa Nakivubo, unaopita kando ya soko la Owino, ukakatiza eneo la viwanda na kinamasi, kisha ukamwaga maji yake katika ghuba hii iliyo mbele yetu. Katika ghuba hii hii ndimo mitambo ya Ggaba inamovuta maji tunayokunywa.

Nimeanza na ufukwe kwa sababu nimechoshwa na mahubiri ya siku hizi yasemayo: toa vitu vilivyojaa nyumbani mwako, na moyo wako utapata nafasi. Marie Kondo wa Japani amewafundisha watu wengi duniani kushika kila kitu mkononi na kujiuliza kama kinawafurahisha, kisichofurahisha, kiende. Sina ugomvi na nyumba nadhifu. Ugomvi wangu ni na neno hilo la mwisho. Kiende wapi?

Kinakuja kwetu. Kabati linalosafishwa Ulaya au Marekani hufunguliwa upya Owino, likiwa limefungwa kwa namna ya mtumba. (Mtumba ni bunda la nguo, wingi wake mitumba. Hapa Uganda tumezoea kusema mivumba, lakini kwenye mtihani usithubutu.) Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzinyima nchi zetu nafuu za biashara za AGOA. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa nguo. Sisi tulirudi nyuma. Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza huko Mbale kwamba mitumba imepigwa marufuku. Nenda Owino leo ujionee.

Simlaumu mama anayelisha watoto wake kwa meza ya Owino. Yeye ndiye anayefanya kazi ya kuchambua ambayo mwenye kabati aliikwepa. Hununua bunda zima bila kujua lililomo, na nguo iliyochanika ameilipia sawa na nzima. Hiyo iliyochanika ndiyo niliyoikuta ufukweni.

Nami ninayesema haya si msafi. Mwaka jana nilijaza gunia nguo nisizozivaa, nikampa dada anayenifulia, nikalala usingizi mwepesi wa mtu mwema. Baada ya siku tatu akaniambia kwa heshima, "Mwalimu, nimepata blauzi mbili nzuri, nashukuru sana. Hizo nyingine nizitupe wapi?" Kwake wazoa taka hulipwa kwa gunia. Kumbe sikuwa nimegawa nguo. Nilikuwa nimemkabidhi gharama ya kuzitupa, na shukrani nikazipokea.

Kila "kiende" kina mtu anayeishi mwisho wa safari yake. Wapo walioishi chini ya jalala la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala tangu 1996. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima ule uliporomoka, ukafunika nyumba, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hao hawakuulizwa kama vitu vyetu viliwafurahisha.

Kwa hiyo anayekuambia kuwa kuishi na vichache huanza siku ya kutoa vitu nje, mkatalie. Huanza dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni. Anayetoa magunia mawili kila Januari na kununua matatu kabla ya Krismasi hajapunguza kitu. Amefupisha tu njia ya kutoka dukani hadi jalalani. Kamusi inaweka karibu karibu nomino "taka" na kitenzi "taka". Ni maneno mawili tofauti, usije ukaniandikia katika insha kwamba moja limetokana na jingine. Ila katika nyumba zetu naona ujirani huo si wa kamusi peke yake.

Bibi zetu walikuwa na sufuria iliyozibwa mara nne na kikapu kimoja cha sokoni, na hakuna aliyewaandikia kitabu. Mafundi wa kuziba sufuria, wa kushona viatu na wa kubadilisha zipu wangali wapo Luzira, wanakungoja wewe unayetupa begi kwa sababu ya zipu.

Na usisubiri serikali. Sheria ya kupiga marufuku kaveera tunayo tangu 2009. Kesho ukinunua nyanya, muuzaji atakuwa ameshazitia ndani ya kaveera kabla hujafungua mdomo. Basi fungua mdomo mapema, na kikapu uwe nacho mkononi.