Dawa za Akili Si Dawa za Usingizi

Wengi huamini kwamba dawa za akili humpumbaza mgonjwa tu, na kwamba aliyezianza hawezi tena kuziacha. Imani hiyo ina chanzo. Klopromazini, iliyoanza kutibu wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, ilinyamazisha sauti wanazozisikia wao peke yao, lakini iliwaletea pia usingizi mzito. Haloperidoli iliyofuata ilisinzisha kidogo, ila ilikakamaza misuli na kutetemesha mikono. Ndugu waliomwona mgonjwa akiburuta miguu wakasema amefanywa zezeta.

Kosa lao ni kuyachukua madhara ya dawa kuwa ndiyo kazi yake. Katika dawa hizo, kinachozipunguza sauti ni kuzuiwa kwa kemikali ya dopamini ubongoni. Usingizi husababishwa zaidi na kuzuiwa kwa kemikali nyingine, histamini. Ndiyo maana dozi ikirekebishwa au dawa ikibadilishwa, mgonjwa anaweza kuchangamka bila ugonjwa kurudi. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya skizofrenia yenye xanomelini na trospiamu, ambayo haizuii kabisa vipokezi vya dopamini. Kabla yake, mwaka 2019, iliidhinishwa esketamini, dawa ya kupuliza puani kwa sonona sugu. Huweza kuleta nafuu ndani ya siku moja, wakati vidonge vya kawaida huchukua wiki kadhaa.

Dai kwamba aliyezianza hawezi kuziacha nalo halisimami. Zuranoloni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa sonona ya baada ya kujifungua, humezwa siku 14 tu. Dawa nyingi za sonona huachwa kwa kupunguza dozi polepole. Zinazozoesha mwili upesi ni za kundi la diazepamu, na hazifai kuhukumia nyingine zote. Wapo wanaohitaji dawa kwa miaka mingi, hasa wenye skizofrenia, lakini hata mgonjwa wa presha humeza vidonge miaka yote na hakuna amwitaye mtumwa wa dawa.

Dawa mpya nazo zina madhara: zuranoloni husinzisha, esketamini hupandisha presha, na vituo vingi vya afya bado vina zile za zamani tu. Hayo ni malalamiko ya haki, na mahali pake ni mbele ya daktari. Anayetupa vidonge kimyakimya kwa kuogopa uzezeta humrudisha mgonjwa kwenye ugonjwa uleule uliomfikisha hospitali.